Uzi Uliofungwa Ukutani

Harufu ya simiti mbichi hunikausha mate mpaka leo. Jirani akianza kupiga plasta, mimi natafuta viatu vyangu viko wapi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi mtaa wa Huruma, kwenye jengo refu kiasi kwamba ndege walipumzika katikati wakipanda. Mama alikuwa fundi wa nguo. Gauni la mteja alilishikiza kwanza kwa uzi mmoja mwembamba, kisha akasema, "Keti, dada. Sasa inama." Uzi ukikatika, alijua gauni linabana wapi.

Nyuma ya cherehani yake kulikuwa na ufa. Mzee Njoroge, mtunza jengo, aliuziba kwa simiti kila wiki, nao ukarudi kila wiki. Hata mlango wetu ukaanza kukataa kufungika.

"Ukuta unajinyoosha tu, Mama Nafula, kama mtu akiamka," alisema. Tukacheka.

Wazo lilinijia nikiokota nyuzi sakafuni. Nilipigilia misumari miwili ya viatu, mmoja kila upande wa ufa, nikafunga uzi kati yake, nikaukaza.

"Ukuta nao unashonewa gauni?" Mama akauliza.

Asubuhi uzi ulikuwa umekatika. Nikafunga mwingine, haukufika chai ya saa kumi.

Mzee Njoroge akaja na mwiko wake wa plasta. Aliuokota ule uzi, akautazama, akautupa. "Huyu mtoto anacheza na wembe. Wacha kutisha wapangaji!"

Mama aliuinua, akapitisha ncha yake kati ya vidole, taratibu. Wembe huacha ncha safi. Hii ilikuwa imechambuka kama ndevu za mahindi.

Akaanza kufungua cherehani kutoka mezani. "Nafula, vaa viatu."

Tukishuka aligonga kila mlango, uzi mkononi. Familia mbili zilitufuata. Wengine walitucheka hadi ngazi ya mwisho.

Kesho yake, tukiwa kwa shangazi, mtaa wa Mukuru kwa Reuben, tuliambiwa jengo letu limelala chini.

Kwa miaka nilijigamba kwamba wazo lile lilizaliwa kichwani mwangu, kichwa kikubwa kuliko tangi la maji. Nilipokuwa mtu mzima, nikisoma shule ya jioni, ndipo nilielewa: nilihamisha tu uzi wa Mama kutoka kitambaani hadi ukutani. Na ungebaki mchezo wa mtoto, kama asingekuwepo mtu wa kuusoma.

Mzee Njoroge aliushika uzi uleule. Waokoaji walipompata chini ya kifusi, mwiko ulikuwa bado mkononi, umejaa simiti mbichi.