Nilimpelekea Mke Wangu Jiometri, Akaniitia Askari

Admin, jina langu ficha, lakini maneno yangu usiyanyooshe. Niko na miaka themanini na moja. Nimeishi kuliko mke wangu, kuliko kijana wangu wa pekee, na kuliko daktari aliyeniambia niache ugoro ama nife. Shule niliacha darasa la pili kwa sababu mwalimu alikuwa mfupi kuliko mimi na bado alitaka kunichapa. Hapa Katelembo hakuna mtu amewahi kunishinda kwa maneno, hata kortini.

Kijana wangu aliacha mtoto msichana. Mama ya huyo mtoto alienda kabla hajaanza kutembea, sijui aliko na sijawahi kumtafuta. Tulimlea mimi na mke wangu, na mke wangu alipolala nikabaki naye peke yangu. Ako na jina la mke wangu, vile sisi Wakamba tunafanya, kwa hivyo kwangu yeye ni mke. Namwita mke wangu, yeye ananiita mume wangu. Akiwa mdogo nikitoka shamba alikuwa anasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Hata kanisani watu walikuwa wanacheka. Ni utani wa babu na mjukuu, kila mtu huku anaujua.

Sasa huyo mke wangu ni mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu hapa Machakos. Juzi alinipigia simu akasema, "Mume wangu, wikendi hii sitakuja. Tuko na mkutano wa jiometri, watu wa utafiti wanatoka mpaka ng'ambo. Kuna mama mmoja profesa, akipenda kazi yangu atanichukua nikasome zaidi kwao." Nikamwambia aende awashinde wote, hiyo ni damu yangu.

Jumamosi asubuhi nikitafuta msumari kwa sanduku nikapata mkebe wake wa jiometri. Ule wa bati, wenye bikari na rula na kile kitu cha kupima pembe. Nyinyi mliosoma mnajua, mtoto asiye na jiometri mwalimu anamtoa nje. Yeye aliwahi kutolewa, akaja nyumbani akilia, nikashika njia kwa miguu mpaka town nikamletea huo huo mkebe. Nikajiambia, huyu mtoto ameenda mkutano wa jiometri bila jiometri, na mbele ya wageni. Nikavaa koti, nikapanda boda.

Getini askari akaniuliza, "Mzee, unaenda wapi?"

"Mkutano wa jiometri."

Akaangalia viatu vyangu. "Wewe?"

"Kwani nikikaa hapa, ni wewe utaenda?"

Akanipeleka mwenyewe mpaka kwa mlango wa ukumbi. Ukutani kulikuwa na picha ya kitu kama tairi imejikunja, na mke wangu amesimama mbele, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Mimi kungoja mtu amalize sijazoea. Nikainua mkebe nikasema, "Mke wangu, umesahau jiometri yako."

Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, vifaa vimefika." Ukumbi mzima ukacheka. Yule mama profesa akainama kwa jirani yake, akaelezwa, nikasikia neno waifu. Uso wake ukageuka. Akamuuliza mjukuu wangu swali, pole pole, vile watu huongea na mgonjwa.

Hapo alihitaji kusema neno moja tu, babu. Hakulisema. Alimjibu yule mama Kiingereza, halafu akamgeukia askari kwa Kiswahili ndio nisikie vizuri: "Huyu ni mzee fulani wa kijijini kwetu. Akili imechoka. Mtoe pole pole asianguke."

Mzee fulani. Nikamjibu kwa Kikamba: "Mama yako alikutupa hujajua kutembea. Miaka yote hii nimekuwa nikimlaani bure. Leo nimeona kile aliona."

Waliosikia Kikamba waliacha kucheka. Yeye alishika meza. Niliweka mkebe kwa kiti nikatoka na miguu yangu, askari hakunigusa.

Jumapili akapiga simu. "Umeshinda," akasema. "Yule profesa aliniuliza kama niliozwa kwako nikiwa mtoto. Nimeeleza mpaka nimechoka. Kuhusu kazi yangu hakuna mtu aliniuliza kitu."

"Ungesema babu."

"Nilishikwa na aibu kidogo, na ningekuja nyumbani nikuombe msamaha. Lakini wewe, hayo maneno ya mama yangu ulikuwa nayo tayari mdomoni. Mke wako alikufa, mzee. Jina lake naenda kulitoa kwa kitambulisho. Usipotaka nilitoe, rudi pale chuoni, uwaambie walimu wenzangu kwa hicho hicho Kikamba kwamba yale maneno yako yalikuwa uongo."

Tangu siku hiyo nikipiga hashiki.

Mimi neno langu sijawahi kulirudisha, hata mbele ya chifu, hata mbele ya padri. Na ni yeye alianza kunikana. Lakini kijana wangu hakuacha mtoto mwingine. Hilo jina likitolewa, mke wangu hana tena mtu wa kumbeba hapa duniani. Nikienda, nitakuwa mzee aliyeitwa na mtoto akajikunja kama ile tairi yao. Nisipoenda, nimezika mke mara ya pili, na safari hii ni mimi nimemuua.

Nyinyi maelfu mnaojua kila kitu kwa simu, semeni sasa. Mzee anaweza kumeza neno na abaki mzee? Niende ama nikae?

Na anayefikiri nadanganya, askari wa hiyo geti aliona yote. Mwenye boda aliyenirudisha pia, aliniuliza mbona siongei leo. Shahidi mwingine ni mke wangu, lakini mmoja amelala pale nyuma ya makonge, na mwingine hashiki simu.