Barua Pepe Yenye Makufuli Matatu

Juzi nilikuwa nasubiri kutoa kopi kwenye steshenari moja hapa Bariadi, wakaingia kina mama watatu kutoka Dutwa. Kikundi chao kinakamua mafuta ya alizeti, na walitaka barua pepe ya biashara.

"Ya kwanza aliifungua karani wetu kwa simu yake," alieleza mwenyekiti. "Alipohama, akahama nayo."

Dada wa steshenari akawaambia watunge neno la siri. Mwenyekiti akabonyeza herufi zake, wenzake wakiwa wamegeukia mlangoni. Akafuata katibu. Mweka hazina akamalizia, mkono kaufunika kwa khanga. Ndivyo wanavyofungua sanduku la kikundi: kila mmoja ana kufuli lake na ufunguo wake.

Dada akacheka mpaka akashika meza. "Sasa mama zangu, kila mkitaka kusoma ujumbe mtakutana wote?"

"Si tunakutana kila Jumatano?" akajibu mweka hazina. "Mteja atasubiri."

"Haya, nipeni namba ya simu. Ila mjue, mwenye hiyo simu anaweza kubadili neno la siri peke yake."

Wakaangaliana. Hakuna aliyetaja namba yake. Mwisho mwenyekiti akatuma mtu duka la jirani, ikaletwa simu ndogo ya kitochi na laini mpya.

"Andika hii," akasema. "Itakaa sandukuni."

Dada hakucheka tena. Nami nikarudi ofisini kwetu, ambako neno la siri limebandikwa ukutani chini ya kalenda, kwa herufi kubwa, ili hata mgeni asipate tabu.