Marahaba Bila Kugeuka

Serikali iliporuhusu biashara huria, mabasi ya watu binafsi yalijaa barabarani, na ajali nazo zikazidi. Katika wodi ninayofanyia kazi ya uuguzi, Morogoro, tulipokea majeruhi waliovutwa mikono na kukalishwa kando ya barabara eti wapate hewa. Wengine walifika miguu haisogei tena. Nilichoka kulaumu watu nisiowafahamu, nikaomba ruhusa niende kuwafundisha.

Mikumi, asubuhi, nilikuta darasa la makondakta, wakata miwa wa Ruhembe na wafugaji. Nikamlaza mkata miwa mmoja, mtu mzima mwenye mvi. "Tuseme huyu kaumia shingo," nikasema. "Asiinuliwe, asikalishwe, kichwa kisicheze."

Akaanza Saitoti, kijana mfugaji, kuja kukishika kichwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitikia mzee, akageuza shingo amwone anayemsalimu.

Wa pili akafanya vilevile, na wa tatu. Nikapandwa na hasira. "Mmeshamuua! Acheni salamu!"

"Mama," Saitoti akasema, "nimshike mzee kichwa bila shikamoo? Akipona si atanilaani?"

Darasa zima likaangua kicheko, nami hasira ikaniisha. Tukakubaliana kwamba mwenye kushika kichwa ainame kwanza juu ya uso wa majeruhi, aonekane bila kutafutwa, ndipo asalimu.

Kesho yake nilidandia lori la Kilosa, Saitoti naye akienda gulioni katika kijiji cha Ulaya, njiani. Tulipofika hapo gulioni, mzee mmoja alikuwa ameanguka kutoka juu ya magunia ya lori jingine. "Mkalisheni! Leteni maji!" watu walipiga kelele, na umati ukanizuia kupita. Niliogopa sana. Saitoti alipenya, akawasukuma waliokwisha kumshika mabega, akainama.

"Shikamoo, mzee. Usigeuke, niko hapa hapa."

"Marahaba, mwanangu. Miguu inakufa ganzi."

Saitoti akakishika kichwa. Nilipofika tulimbana kichwa pande zote kwa vitenge vilivyokunjwa, tukamlaza juu ya mlango wa duka uliong'olewa, wote tukiinua kwa pamoja, na lori likatambaa polepole hadi Kilosa.

Nilifikia kwa shangazi, Mabwerebwere, huko huko wilayani Kilosa. Siku ya kurudi nyumbani nilipita hospitali, roho juu. Mzee alikuwa chali, shingo imefungwa. Mimi niliyetaka kufuta salamu nikainama juu ya uso wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu bila kugeuka, na kule mwisho wa kitanda vidole vya miguu vikachezacheza chini ya shuka.