Bastola ya Babu

Kila Jumapili akitoka kanisani, jirani yangu hapa milimani Kentucky hukaa barazani na bastola iliyokuwa ya babu yake. Huipaka mafuta ya cherehani kwa kipande cha fulana kuukuu, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Vidole vyake vinene hutetemeka vikishika kikombe cha kahawa, lakini vikigusa chuma kile hutulia. Nimembishia mara nyingi kwamba nyumba hailindwi kwa bunduki, sembuse hiyo. Hunijibu kwa sauti ya mtu anayesali: "Kijana, hii haijawahi kushindwa."

"Itashindwaje," mkewe, Orlene, hudakia kutoka jikoni, "na haijafyatuliwa tangu unioe?"

Mwezi uliopita, mchana kweupe, dubu aliingia jikoni mwao akifuata pai ya tufaha. Nilikimbilia mayowe, nikamkuta Orlene amebanwa kwenye kona, mumewe amemlenga dubu. Bastola ikafanya ka! Akavuta tena. Ka!

"Subiri kidogo," akamwambia dubu.

Orlene hakusubiri. Alinyakua kikaango cha chuma, akamtandika nacho puani, na dubu akatoka mbio, pai mdomoni.

"Risasi zenyewe ni za lini, mzee?" nikauliza.

"Zilikuja nayo."

Jumapili iliyofuata nilimwona tena barazani na kitambaa chake, nikavuka ua kwa hasira, hotuba nzima iko tayari mdomoni. Alikuwa anapaka mafuta kikaango.

"Kilikuwa cha bibi," akasema. "Hakijawahi kushindwa."