Ndizi za Kununua

Katika miezi yake ya mwisho mama yangu alitaka kitu kimoja tu: kula ndizi zilizokatwa kwenye kibanja chake, shamba la migomba la nyumbani. Wali aliusogeza pembeni kwa mgongo wa mkono. Ugali aliuita chakula cha wafungwa. Uji aliunywa kama dawa, macho ameyafumba. "Nipe chakula," alikuwa ananiambia, na sahani iko mbele yake imejaa.

Mtu wa mbali anaweza kudhani ni ukaidi wa uzee. Kwetu Muleba chakula ni ndizi. Vingine vyote vina majina yake, lakini havikuwahi kuitwa chakula. Baba alikuwa akirudi kutoka harusi ya mjini, ameshiba pilau mpaka anahema, anaingia ndani na kumuuliza mama, "Kuna chakula?" Mama naye hakuona ajabu. Alimpakulia.

Na ndizi zenyewe zilipaswa kuwa zako. Za kununua zilikuwa za watumishi wa serikali waliohamishiwa kwetu, watu wasio na kibanja. Mwanamke mwenye kibanja hakuonekana sokoni na mkungu. Kama mvua ya mawe ilikuwa imempiga, jirani alimpelekea kabla hajalazimika kutoka, na alipeleka kimya kimya, akisema mkungu umeanguka wenyewe na nyumbani kwake hakuna wa kuumaliza. Mama alipelekewa hivyo na yeye akapeleka hivyo. Simkumbuki hata mtu mmoja aliyesema hadharani amemsaidia mwenzake.

Kibanja cha mama kilikufa baada ya baba kufa. Nitaeleza kilivyokufa, kwa sababu mpaka leo nikilala ndicho ninachokifikiria.

Baba alipofariki mimi nilikuwa nimeshaolewa Ijuganyondo. Nilifika nyumbani nikakuta jiko la mama limezimwa kama desturi ilivyokuwa, maana nyumba yenye msiba haikupika, ilipikiwa. Sebuleni walikuwa wametandika nyasi mpya kutoka rweya, zile nyasi ndefu za nyika, na wanawake wamekaa juu yake miguu wameinyoosha. Kijiji kizima hakuna aliyeshika jembe, kwa sababu hakuna aliyelima wakati mtu hajazikwa. Lakini wanaume walikuja na mapanga. Kila mmoja alikata mkungu kwake akaja nao kichwani au kwenye baiskeli, kisha akaingia na panga lile lile kwenye kibanja chetu. Kulikuwa na kazi nyingi: majani ya kufunikia vyungu, majani ya kulia chakula, magome ya kufungia kibanda cha waombolezaji. Halafu walipunguza majani makavu mgomba baada ya mgomba, maana ilikuwa aibu kwa majirani kumzika mtu katika kibanja kichafu.

Mimi nilikuwa nakusanya majani nyuma yao, nikawasikia.

"Panga lako linatafuna, halikati," jirani wa juu, rafiki wa baba, alimwambia mwenzake. "Mkeo amelipasulia kuni?"

"Lete lako basi, fundi."

"Chukua. Ila ulirudishe. Aliyekufa ni yule aliye ndani, mimi bado sijarithiwa."

Walicheka kile kicheko cha msibani, cha puani. Panga likatoka mkono huu likaenda ule, na la mwingine likaja kwa huyu, na mpaka jua linazama kila panga lilikuwa limegusa kila mgomba. Nililiona jambo lile kwa macho yangu, na lilikuwa jambo zuri. Hata leo, kwa yote ninayoyajua, siwezi kuliita vingine.

Msimu uliofuata majani ya migomba yetu yalianza kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mikungu iliiva ikiwa bado midogo. Ukikata shina lilitoa kitu cha njano kama usaha. Mama alidhani ni jua. Akaongeza nyasi za kufunika udongo na akamwagia maji ya kufulia, na migomba ikaendelea kuanguka, ya kwetu na ya jirani wa juu na ya wote waliokuwa wamekuja kutuliwaza.

Bwana shamba alikuja, na bwana shamba mwenyewe alikuwa binti mdogo mwenye buti za mpira. Alizungumza na sisi kwa adabu. Alisema ugonjwa ule ni mnyauko, kwamba wadudu huubeba, lakini zaidi ya wadudu huubeba panga: likikata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima, limeupanda pale. Akauliza kama kuna wakati tulikusanyika mahali pamoja na mapanga.

 Mzee mmoja akasema, "Binti yangu, sisi tunakusanyika na mapanga kila mtu akifa."

Hakuna aliyeuliza panga la nani lilianza. Sidhani kama kuna anayejua. Lakini nilimwona mama, amekaa kwenye gogo, anawaangalia wale wanaume mmoja mmoja. Walikuwa ndio waliochimba kaburi la baba. Wao walikuwa wanaangalia chini.

Tuliambiwa tung'oe na kufukia, tusiache hata kisiki. Tuchome mapanga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kila mtu na panga lake. Majani yasitoke kwenye kibanja kimoja kwenda kingine. Yote yalikuwa sahihi na mimi sina ugomvi nayo. Nasema tu kilichofuata. Msiba uliofuata kijijini watu walikuja na mchele na unga. Uliofuata huo, walikodi wapishi na sahani za plastiki. Majani ya kulia yalitoweka, na nyasi za sebuleni nazo, ingawa nyasi hazikuwa na kosa, vikaja viti na turubai. Desturi ni kama sweta. Uzi mmoja ukikatika, hata mikono inafumuka. Kulala msibani siku nyingi kukafupishwa, kwa kuwa wapishi wanalipwa kwa siku. Na mwanamume akionekana ameingia kwenye kibanja cha mwenzake ameshika panga, watoto wanapiga kelele kumwita mwenye nyumba.

Sitaki kudanganya kwamba ya zamani yote yalikuwa asali. Mama alikulia katika nyumba ambamo wanawake waliokota senene, wale panzi wa kuliwa, mpaka vidole vikapasuka, wakawakaanga, na hawakuruhusiwa kula hata mmoja. Mayai na kuku vilikuwa vya wanaume. Yeye mwenyewe alionja senene akiwa bibi mwenye wajukuu, akatema, akasema, "Kumbe hiki ndicho walichokuwa wanatunyima?" Tulicheka siku nzima. Mila ile ikifa sitaivalia nguo nyeusi. Ila sikuombwa kuchagua ipi ife.

Kwenye kibanja kilipandwa mahindi na mihogo. Ulibaki mgomba mmoja nyuma ya jiko, wa mbegu ya zamani tunayoiita enchoncho. Kwa nini ulibaki sijui. Mama aliulinda. Hakumruhusu mtu kuugusa, mimi nikiwemo, na ua lake alilivunja mwenyewe kwa kijiti chenye panda kama yule binti wa buti alivyofundisha, ili wadudu wasiingizie ugonjwa humo. Mkungu wake ulipoanza kunenepa, mama alikuwa ameshaanza kushindwa kusimama. Mimi mume wangu alikuwa ameshatangulia na wanangu wanajitegemea, nikafunga nyumba ya Ijuganyondo nikarudi Muleba kumuuguza.

Kila asubuhi aliniuliza, "Umefikia wapi?" Nilijua anauliza mkungu. Nilimwambia vidole vimenenepa kiasi gani. Alikunywa uji kidogo, akasubiri. Nilianza kuogopa nani atamaliza kwanza, yeye kusubiri au mkungu kukomaa.

Kaka yangu, anayefanya kazi Bukoba mjini, alinipigia simu.

"Dada, nakutumia mkungu kwa basi. Upike, umwambie ni wake."

"Atajua."

"Atajuaje? Haoni vizuri."

"Nitakuwa nimemdanganya."

"Hata akijua, si atakuwa ameshakula? Dada, wewe umesimamia ukweli, mama anasimamia njaa. Mimi mnataka nisimamie nini?"

 Nilimwambia asitume kwanza.

Siku niliyoona mkungu umekomaa, mama aliomba atolewe nje. Nilimweka kwenye kiti karibu na jiko, nikamfunika kanga mbili. Nikachoma panga motoni mpaka likabadilika rangi, nikaliacha lipoe, nikakata. Aliomba kidole kimoja akakipapasa, akakinusa, akatabasamu. Nilikaa chini nikaanza kumenya. Cha kwanza nilipokipasua kati kilikuwa na doa la mnyauko, la rangi ya kutu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikakiweka pembeni. Cha pili vile vile. Nilimenya chana ya kwanza yote na ya pili, na nilikuwa najua, lakini mikono haikutaka kuacha.

Mama hakuona doa. Aliona ninavyoweka pembeni.

"Vyote?" aliuliza.

"Vyote, mama."

 Akasema, "Funika," kama tunavyosema kwa maiti. Nilifunika kwa gunia.

Nilimpigia kaka, nikamwambia tuma. Mkungu ulikuja na basi, ukapakiwa kwenye bodaboda mpaka mlangoni, ndizi nzuri kabisa, nene, zimetoka kwa watu ambao bado Mungu amewaachia. Nilipika kama alivyonifundisha, na maharage, na nyanya chungu. Jani la kufunikia sikuwa nalo, nikafunika kwa mfuko wa nailoni kama wengi wanavyofanya siku hizi. Nilimpelekea sahani. Alinusa.

"Zimetoka wapi?"

"Zimenunuliwa, mama. Kaka ametuma kutoka mjini."

Nilidhani atasogeza pembeni. Alikula. Alikula taratibu, sahani yote, kama alivyokuwa hajala kwa miezi, na mimi nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Alipomaliza alipangusa vidole, akaniangalia kwa upole, akasema, "Wakola, waitu. Mmenipokea vizuri. Msalimie mwenye nyumba."

Wakola ni asante, na waitu ni neno la heshima. Unamwambia mkubwa wako, au mtu mgeni kwako aliyekutendea wema. Mama hakuwahi kuniambia mimi waitu tangu aliponizaa.

"Mama, ni mimi. Uko kwako."

"Ndiyo, waitu," alisema, kama mtu asiyetaka kubishana na mwenyeji wake.

Tangu siku ile alikula vizuri na alishukuru kila mara. Alikuwa mgeni mwema. Hakuomba kitu. Alificha kikohozi ili asitusumbue. Jioni alikuwa ananiuliza kwa aibu ni lini atasindikizwa kurudi nyumbani, maana amekaa muda mrefu na watu wake watakuwa na wasiwasi. Nilimshika mkono nikamfikisha mlangoni, nikamwonyesha: ule ni mti wako wa mparachichi, lile ni kaburi la Tata, baba yetu, uliyemzika mwenyewe. Aliangalia mahindi, safu kwa safu mpaka mwisho wa shamba. Akatikisa kichwa taratibu.

"Pazuri," alisema. "Lakini kwangu kuna migomba."

Kama ningemdanganya siku ile, nikamwambia ndizi ni zake, huenda angefia nyumbani kwake. Nimelizungusha kichwani mara nyingi. Sijui. Ninajua tu kwamba alifia ugenini, kwenye kitanda alichozalia watoto wake, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji.

Tulimzika karibu na baba. Kaka alileta turubai, viti, na wapishi waliovaa kofia nyeupe. Walipika wali, nyama na kabichi, wakapanga watu foleni. Hakuna aliyelala msibani. Jirani wa juu alikuja, sasa ni mzee wa fimbo, akasimama mbele yangu muda mrefu bila kukaa. Mikono yake hakujua aiweke wapi.

"Nimekuja mikono mitupu," aliniambia.

"Umekuja, baba. Inatosha."

"Haitoshi. Mumewe nilimjia na panga. Leo ningekuja nalo, mngekimbia."

Nilitaka kumwambia kwamba tusingekimbia. Lakini hapakuwa na kitu cha kukata. Nilimtafutia kiti.

Watu walipoondoka kaka alikaa na mimi kwenye ngazi ya jikoni. Wapishi walikuwa wanaosha masufuria yao na kuyapakia kwenye gari. Alisema yule binti wa kilimo amemwambia kuna miche safi, imepimwa, shamba likipumzika vizuri inaweza kupandwa tena. Lakini inataka mtu wa kuikalia, na yeye kaka ana kazi, na watoto wake hawajui kumenya ndizi. Ama tupande mikaratusi, alisema, haihitaji mtu.

"Unasemaje, dada?"

Wa kula zile ndizi nilikuwa nimemzika adhuhuri ile. Nilitafuta ndani yangu kama kuna mtu mwingine anayezihitaji kama yeye alivyozihitaji. Nikawafikiria wanangu, nikawafikiria wajukuu wangu kule Ijuganyondo, wanaoomba chipsi. Nikajifikiria mimi mwenyewe. Mchana ule nilikuwa nimekula wali wa msiba wa mama yangu, nikashiba.

"Panda unachotaka," nilimwambia.