Jarida la Akina Mama

Hadi leo sijui ni nani hasa aliyeandika jarida moja la wanawake wa China, lililotoka mwanzoni mwa karne iliyopita. Dada mmoja anayehudumia wazee na kusomea historia chuoni, mjini Annandale, alitueleza habari zake kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya ughaibuni, mjini Temple Hills. Makala zilikuwa na majina ya kike, alisema, lakini baadhi ya waandishi walikuwa wanaume waliokuwa wakiwafundisha wanawake kulea watoto kwa faida ya taifa. Wengine hawajulikani kabisa.

"Ndiyo maana naomba hiki kijarida cha akina mama tunachotaka kuanzisha tukiandike wenyewe," alimalizia. "Kwa majina yetu."

"Sista, na shifti zako mbili, utaandika saa ngapi?" mzee mmoja alimtania.

"Kwenye basi, baba. Huko hakuna anayeniomba chai."

Tulicheka. Kisha mwenyekiti akasema chakula kinapoa, na akina mama wote wakaenda jikoni kupakua pilau, kama kawaida yetu. Mkutano ukaendelea bila wao. Sidhani kuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila msemaji alitaka kuwapunguzia mzigo.

Dada aliporudi na sinia, aliambiwa kijarida kitaandikwa na wanaume watatu, kwa majina ya kike ili kivutie.

"Nani ameamua?"

"Mkutano, sista."

Kazi ya kuchapa alipewa yeye, kwa kuwa ana kompyuta. Toleo la kwanza limetoka. Alilichapa lote, na jina lake halimo.