Mwendo wa Sauti ya Levi Guillory

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Hapana, nakosea, ilikuwa tisini na saba, maana timu yetu ya mpira ilikuwa imeshahamia Tennessee, na wanaume wa Houston siku za Jumapili walikuwa hawana pa kwenda, wanaosha magari kwa hasira. Mwaka huo ndipo Levi Guillory alipokuja kazini pale tulipokuwa tunaosha magari, upande wa kusini wa mji, akapewa kitambaa cha kukaushia vioo akawekwa karibu na mimi.

Alikuwa mwembamba, shingo ndefu kama korongo wa bwawani. Sauti yake ilikuwa nyembamba pia, ya puani kidogo, na ilikwenda mbio. Alikuwa anachana mistari ya rap huku anakausha, mkono unafuata maneno, ndiyo maana magari yake yalikauka upesi kuliko yangu. Naweza kukueleza hivyo, kwamba ilikuwa nyembamba na ya puani. Kuisikia ndiyo siwezi, na hilo nitalifikia.

Kwetu siku hizo kijana akiadhimisha siku ya kuzaliwa alikuwa haombi keki. Alikwenda na wenzake nyumbani kwa Claudell Batiste, DJ, akachagua nyimbo anazozipenda, na wenzake wakapokezana maikrofoni kumtaja na kumsifu. Kisha Claudell alipunguza mwendo wa kila kitu, ngoma na sauti za watu, mpaka muziki ukawa unamwagika kama uji mzito. Kanda hiyo ilinakiliwa, ikanakiliwa tena, ikazunguka mji katika magari yanayokwenda polepole, buti zimejaa spika. Redio yetu ilikuwa hiyo. Joto la kule nalo lilikuwa linataka muziki wa namna hiyo, sijui kama naeleweka. Mwezi wa nane hata mbwa alikuwa habweki kwa haraka.

Levi akachana kwenye kanda ya rafiki yake mmoja. Claudell alipopunguza mwendo, kijana mwembamba akapotea, likatoka dume la mtu, sauti nzito inatetemesha vioo vya gari. Mji mzima ukauliza ni nani huyo, na kabla ya Krismasi alikuwa na jina: Levi Mkubwa.

Siku moja jamaa aliingiza gari lake, sauti hiyo inanguruma ndani.

"Mnamsikia huyo?" akatuambia. "Levi Mkubwa. Binamu yangu amemwona kwa macho. Akiingia mlangoni anaingia kwa ubavu."

Levi alikuwa anakausha kioo cha mbele. "Ni mimi huyo, kaka."

"Wewe?" Jamaa akacheka mpaka akaegemea gari lenye maji. "Wewe mtu akipiga chafya unapeperukia Galveston, baharini kule. Kausha kioo, bwana mdogo."

Tulicheka sote, na Levi akacheka. Lakini jioni alimpelekea mama yake kanda ile. Bi Earline alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, mtu wa Louisiana, na Jumatatu alipika maharage mekundu hata kama dunia inaisha. Nilikuwepo, sahani mkononi.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Zima, mwanangu. Mtu huyo anaongea kama ametumbukia kisimani, na hakuna anayemtafuta."

Levi akazima. "Basi nitakuletea yangu mwenyewe. Mwendo wangu. Mji mzima utanijua kwa sauti yangu."

Tangu hapo hakutaka kingine. Watu walimwalika kwenye kanda zao na akaenda, lakini akili yake ilikuwa kwenye albamu. Mwaka tisini na tisa akaitoa, CD yake mwenyewe, akaipa jina Mtoto wa Earline. Aliiuza kwenye buti la gari hapo hapo kazini. Bi Earline akaicheza asubuhi anapokaanga mayai, akicheka peke yake. "Huyu sasa ndiye," alisema. "Huyu ndiye aliyenisumbua tangu tumboni."

Furaha yote ya Levi katika muziki ilikuwa hiyo. Wiki haikwisha watu wakaanza kuzirudisha.

"Kaka, CD yako mbovu. Inakimbia kama imeiba kuku."

"Haikimbii. Ndivyo ninavyoongea."

"Acha zako. Levi Mkubwa tunamjua sisi. Mpelekee Claudell akaitibu."

Na waliipeleka kweli. Wale walioipenda ndio waliokuwa wa kwanza kwenda kupunguziwa. Levi alimfuata Claudell kumsihi. Claudell alikuwa mtu mpole, hakumgombeza mtu.

"Siwaiti, Levi," alisema. "Wanakuja wenyewe. Nikiwakatalia watampelekea mwingine, na yeye ataiharibu."

Mwaka uliofuata wakamwita kuimba bustanini, sikukuu ya mwezi wa sita ya kukumbuka wazee wetu walivyotoka utumwani. Watu walijaa, moshi wa nyama kila upande. Mtangazaji akaita Levi Mkubwa, akapanda Levi. Akafungua kinywa, na mstari wa kwanza haujakwisha wakaanza kumzomea.

"Shuka wewe! Tuitie mwenyewe!"

"Mmetuletea mpiga debe! Levi yuko wapi?"

Alijaribu kuwaambia yeye ndiye, na kadiri alivyosema kwa ile sauti ndivyo walivyozidi kucheka. Mama mmoja akamhurumia, akamwita, "Shuka mwanangu, kabla mwenye jina hajaja akukute hapo." Akashuka.

Baada ya hapo akaanza kunywa dawa ya kikohozi, ile ya zambarau inayolegeza mwili na ulimi, anaichanganya na soda. Vijana wengi walikuwa wanakunywa wakati huo. Lakini wenzake walikunywa kwa starehe. Yeye alikuwa na shabaha. Nilimwambia, "Levi, unajiua." Akanijibu polepole sana, "Mzee Hollis, sikiliza. Inashuka." Alimaanisha sauti.

Mafuriko ya mwaka elfu mbili na moja yaliingia kwa Bi Earline mpaka usawa wa jiko. Maboksi ya albamu, pamoja na zile zilizorudishwa, yalikuwa chini ya kitanda, na ile ya mama ya kila asubuhi ilikuwa ndani ya redio. Vyote vikaenda. Yule aliyemrekodia Levi alipoteza mitambo yake, akahama mji. Levi hakuulizia. Mwaka huohuo akatoa albamu ya pili, safari hii kwenye kanda, na Claudell aliniambia kwamba alipoiweka kwenye mashine alikuta hakuna cha kupunguza.

Kanda hiyo mji uliipenda mno. Bi Earline alikataa kuisikiliza.

Levi alifia kwenye kiti, mchana, mwezi wa pili mwaka elfu mbili na tatu. Kwenye mazishi vijana walivaa fulana zenye picha yake, na mchoraji alikuwa amempanua mabega. Magari yalisindikiza polepole, yote yakicheza Levi Mkubwa. Bi Earline aliziba masikio njia nzima.

Majira ya joto akaniomba nimpeleke kwa Claudell. Alitaka mwanawe arudishiwe mwendo wake. Albamu yenyewe hatukuipata kwa mtu yeyote, kila aliyeinunua alikuwa amebaki na kanda ya kupunguziwa tu. Claudell alitafuta ile kanda ya siku ya kuzaliwa. Ya asili haikuwepo, ilikuwepo nakala ya nakala. Akakaa na kidude cha mashine cha kubadilisha mwendo, akakisukuma juu kidogo.

"Huyo si yeye," Bi Earline akasema, macho amefumba. "Ongeza."

Akaongeza.

"Huyo ni baba yake. Ongeza."

Akaongeza. Ikatoka sauti ya mtoto wa shule, inachekesha, na hakuna aliyecheka. "Umempita. Rudi." Claudell akarudi. "Hapana. Rudi tena. Hapana, huko ni kisimani. Jamani, hata mimi sijui sasa."

Claudell akanigeukia. "Mzee, wewe ulifanya naye kazi kila siku. Nisimamishe wapi?"

Nilisikiliza. Kila mahali palifanana naye kidogo. Kichwani nilikuwa na yule mzito tu, yule wa ndani ya magari.

"Claudell," nikamwambia, "wewe ndiye uliyemsikia kabla hujagusa mashine. Alikuwa anasikikaje?"